Mama Mitchelle na Bahasha Kumi na Moja

Marehemu Roselyne Wakesho alizaliwa hapa Mwatate tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa marehemu Mzee Elly Mwakio na Mama Mirriam. Alikuja duniani akilia kama anayedai haki yake, na tangu hapo hakupoa. Mdogo wake Eddah, anayewasomea maneno haya, ni shahidi.

Alisoma hapa hapa nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997. Alipokuwa darasa la sita, mwalimu alimrudishia mtihani wenye sufuri bila kumwonyesha kosa. Roselyne akamfuata hadi ofisini. "Mwalimu, kukosa nimekubali. Ila nimekosa wapi?" Mwalimu akacheka, akamvutia kiti.

Mwaka 2002 aliolewa na Fred Maghanga, fundi mwashi, wakajaliwa Mitchelle na Timothy. Katika miaka yote hiyo ya ndoa Fred anadai alishinda ubishi mmoja. Ukimuuliza upi, hakumbuki.

Mwaka 2011 alikwenda Jeddah, kazi ya nyumbani mtaa wa Al-Nuzha. Huko akawa katibu wa chama cha kufaana cha Wakenya wa Jeddah na Riyadh, kinachouguza wagonjwa na kurudisha maiti nyumbani. Wanachama wengi hawapati ruhusa ya kutoka, kwa hiyo viongozi huchaguliwa kwa kura za posta: karatasi ndani ya bahasha, na juu yake jina, simu na sahihi.

Mwaka 2019 aligombea uenyekiti dhidi ya Julius, dereva wa Riyadh, na jamani, aliutaka kweli. Siku ya kuhesabu, Ijumaa tarehe 15 Machi, bahasha kumi na moja ziliwekwa kando kwa sababu majina hayakuwa kwenye daftari. Kumbe akina dada walikuwa wameandika majina waliyobandikwa na mabosi wao. Monicah, aliyeitwa Munira miaka sita na nyumba nzima, alijiandika Munira.

Roselyne alikuwa anaongoza kwa kura nne. "Halas, yamekwisha, dada, umeshinda! Hizo tupa," wenzake wakamwambia.

"Mafi, hakuna! Mtu alale akijua amepiga kura, kumbe iko kapuni? Aambiwe, apewe siku saba arekebishe."

Akapiga simu kumi. Simu ya Monicah ilikuwa imechukuliwa na madam, basi Roselyne akaenda mwenyewe hadi getini, na mahamri ya kumlainisha mlinzi. Monicah akatoka na mfuko wa taka, akaandika jina lake halisi na kutia sahihi akiegemea ukuta.

Bahasha kumi na moja zikafunguliwa. Julius akashinda kwa kura moja.

"Dada, nisamehe," Monicah alimwambia baadaye, "mimi nilimpa Julius."

"Wee! Na mahamri yangu?" Roselyne akacheka hadi akajifuta machozi. "Haya, bora imehesabiwa." Msidhani haikumuuma. Alimpigia Eddah akamwambia gauni la kuapishwa lilikuwa limeshashonwa. Lakini sheria yake ya siku saba iliandikwa kwenye katiba ya chama, na ipo hadi leo.

Mwaka 2024 alirudi nyumbani na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Uanachama hakuuacha. Mwezi uliopita aliposta kura yake, akihangaika na mwandiko wa anwani kutwa nzima. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 6 Septemba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Fred.

Juzi Monicah, ambaye sasa ndiye katibu, alishuka kwenye ndege na kuja moja kwa moja hapa na barua ya chama. Tulidhani ni rambirambi. "Dada Roselyne, kura zilihesabiwa tarehe 5 na yako haimo. Hukutia sahihi kwenye bahasha. Tumepiga simu yako haishikwi. Una siku saba za kurekebisha. Julius, mwenyekiti."

Yeye! Aliyesumbua watu miji miwili kwa ajili ya sahihi! Mama Mirriam alicheka, mara ya kwanza wiki hii, kisha akalia. Leo ni tarehe 11, siku ya sita. Barua tumemwekea mkononi, maana tunamjua, angerudi kutuuliza kwa nini hakuambiwa.

Ameacha mume wake Fred, watoto Mitchelle na Timothy, mama yake Mirriam, mdogo wake Eddah, na wanachama mia mbili wanaojua kura zao zilikokwenda.

Pumzika kwa amani, Wakesho. Umeambiwa.