Munguti Apunguza Vinanda

Jumapili moja ya mavuno, mwaka wa 2003, nilipanda basi Kajiado nikaketi nyuma ya mwanamume aliyekumbatia vinanda viwili vya stima vilivyofungwa kwa shuka. Kando yake alikaa mama mmoja na kuku.

"Baba, unaenda kupiga wapi?" mama akauliza.

"Sipigi. Napunguza." Alisema anaitwa Munguti, wa Kitengela. Nyumbani alikuwa na vinanda vitano, na mtoto wake analala juu ya spika. Bibi yake, Kalekye, amemwambia apunguze ama ahame. Basi leo akapeleka kimoja kanisani, kiuzwe kwenye mnada wa mavuno.

"Na mbona uko nacho?"

"Mzee wa kwanza alinunua, akasema anarudishia Bwana. Kikauzwa tena, wa pili pia akarudisha. Kila mtu anabarikiwa, hakuna mwenye anataka kubeba! Mwisho kanisa yote ikaniangalia. Nikanunua."

"Na hii ingine?"

"Ya pasta. Hata yeye bibi yake amesema apunguze."

Nilipiga hesabu kimyakimya: tano kutoa moja ni sita.

Mama akacheka mpaka kuku akaamka. "Wewe hutaki kupunguza. Si ungekataa?"

"Utakataa aje, na pasta ameshakuwekea mkono kichwani?"

Basi likasimama Kitengela. Pale nje mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa anaangalia mlango. Munguti hakuinuka. Alinigeukia mimi, kwa mara ya kwanza, akatabasamu.

"Ndugu, wewe unapenda muziki?"