Mzee Taratibu, Fundi Umeme wa Pikipiki

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa watoto wanne. Mama yake alipenda kusema kwamba alichelewa kuzungumza kwa sababu wakubwa zake walikuwa wameshayamaliza maneno yote.

Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza umeme wa magari katika chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1970. Aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya usafirishaji mpaka ilipofungwa mwaka 1993. Ndipo akafungua kibanda cha pikipiki, ukuta kwa ukuta na chumba cha kushonea cha mkewe.

Walikuwa wameoana tarehe 8 Disemba 1979, wakajaliwa binti mmoja. Kutwa walisemezana kupitia ukuta ule. Mkewe alifariki mwezi Juni 2011. Binti, anayefanya kazi mbali, alimsihi baba yake ahamie kwake. Alijibu, "Wateja nimwachie nani, mwanangu?"

Ni baada ya hapo wateja walipoanza kumwita Mzee Taratibu. Ikiletwa pikipiki ambayo stata inalia tik na injini haizunguki, kidole chake kilienda moja kwa moja kwenye waya uliolegea pale kwenye betri. Lakini hasemi. Atafungua kiti, atafungua tangi, atafuata waya mmoja mmoja huku akiuliza habari za watoto.

"Mzee, si huo waya wa betri tu?"

"Fundi nani hapa?"

"Wewe, mzee wangu. Haya, fungua na taa basi." Na mteja anavuta kigoda. Walikuwa wanajua.

Mwaka 2023 mapafu yalianza kumsumbua, kibanda kikafungwa. Binti alichukua likizo kumuuguza. Alasiri moja, mteja wake wa siku nyingi aliikokota pikipiki hadi mlangoni.

"Mzee, imegoma kabisa."

Marehemu alitolewa nje, akakalishwa kitini, akabonyeza stata. Ikawaka palepale. Mteja akainamisha macho. Marehemu akaizima.

"Hii haina ugonjwa," alisema. "Wewe kaa tu."

Mteja alikaa mpaka giza likaingia, na pikipiki haikuguswa tena.

Marehemu alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 3 Februari 2024. Ameacha dada mmoja, binti mmoja, mjukuu mmoja, na wateja ambao leo wameyajaza makaburi haya.

Apumzike kwa amani, na asiwe peke yake.