Lavenda ya Mkwe

Kijiwe cha Kwamndolwa kina benchi moja la milingoti ya mkonge, linalofinya makalio ya watu wote bila ubaguzi wa dini. Liko mbele ya nyumba ya Fabiani, na asubuhi hiyo Fabiani alikuwa ameshika kikombe cha kahawa asikumbuke kunywa. Mkwe wake, Mama Rosina, alikuwa njiani kutoka Lushoto. Siku ya kumtoa bintiye Salome kuolewa na kijana wa Fabiani, mama huyo alikabidhi na kichaka cha lavenda, kimejaa maua ya zambarau, ndani ya ndoo ya rangi. “Nitunzie hawa wawili,” alisema. Sasa lavenda imesimama pale mlangoni, manjano tupu, imeinama kama mtuhumiwa. Mkwe akiiona, atafikiri nini juu ya matunzo ya mwanawe?

Fabiani akaomba ushauri, kosa lake la kwanza. Hashim, aitwaye Bwana Shamba kwa sababu aliwahi kuuza jembe, alisema hiyo ni mboga, binamu wa mchicha, ndiyo maana kila akipita huitilia samadi ya mbuzi. Benedicto, aitwaye Daktari kwa sababu anajua kukohoa kitaalamu, akakataa katakata.

— Hiyo ni dawa. Mboga gani inanukia hivyo kabla ya kuungwa?

— Na wewe umeifanyia nini, Daktari? aliuliza Hashim.

— Naipa masalia ya kahawa. Mgonjwa lazima achangamshwe.

— Mimi nimeipalilia mpaka kwenye mizizi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Anapewa jembe, Bwana Shamba. Hapigwi nalo.

Hashim akahamia kwenye hoja kwamba mti huo ni dume na unataka mke. Benedicto akaona afadhali utambikiwe. Fabiani ndipo akakumbuka kunywa kahawa yake, maana yeye mwenyewe alikuwa akiumwagia ndoo nzima asubuhi na jioni.

Kumbe bodaboda ilishamshusha mkwe mlango wa nyuma, akapitia jikoni kwa mwanawe. Akatokea mbele, akaamkia, akazamisha kidole kwenye ndoo. Kikatoka na tope.

— Mkwe, nani aliwaambia ana kiu?

Hashim akatazama mawingu. Benedicto akasahau kukohoa.

Mama Rosina alikwangua shina kwa ukucha. Ndani kulikuwa na rangi ya kijani.

— Mzima huyu. Asili yake nchi za Mediterania, mvua huja na baridi, joto likija anavumilia ukavu. Mhamishieni kwenye udongo wa kichanga, juani, halafu mwacheni apumue.

— Kwa hiyo hujakasirika, mkwe?

— Nilikuja na wasiwasi. Nikamkuta Salome jikoni, mashavu yale, anacheka na sufuria. Nikajiuliza wanamlisha nini. Kumbe hapa mnalisha chochote kinachosimama.

Pumzi aliyoibana Fabiani tangu alfajiri ikatoka yote kwa mkupuo, na kicheko nyuma yake. Akaenda mbio ndani kumletea mkwe kiti chenye mgongo.