Cheti cha Marehemu Hilari

Kaeni, wanangu, na wewe Tekla mke wangu uache huo uji upoe, uje hapa karibu na kichwa changu, maana nina neno ambalo nikishalisema sitakuwa na nguvu ya kulirudia. Agnella, usinitolee macho, sijakata roho bado. Fulgence, vua kofia, hapa si stendi.

Jana mliponisalia sala ya wanaokufa, Agnella alisoma vizuri kama nilivyomfundisha, akasema, Bwana umpokee Hilari mtumishi wako, na hapo nikajua lazima niseme, kwa sababu Hilari alishapokelewa zamani, ana miaka arobaini na minane kaburini, na ninyi mlikuwa mnamwombea yeye huku mimi nimelala mbele yenu. Hilari alikuwa kaka yangu. Mimi sijabatizwa.

Nyamazeni kwanza. Tekla, kaa.

Tulikuwa tubatizwe siku moja, na jina langu, Donati, lilikwisha chaguliwa, ila mwaka ule ndege walivamia mpunga, baba akasema lazima mmoja abaki kwenye dungu kuwaamia wasile, nikabaki mimi. Nikaahidiwa Pasaka inayofuata, ikapita, kaka akauawa na mamba, tukahamia huku Michenga, na walipotafutwa vijana wa shule ya makatekista baba akanipa cheti cha ubatizo cha Hilari, akasema, jina lako sasa ni hili, nenda, huko hakuna anayekujua. Nikaenda.

Na nilikuwa hodari, nisiwafiche. Nimeishia darasa la tatu, lakini katika bonde hili lote hakuna katekista aliyeniweza kwa mahubiri. Wanawake wa Katindiuka walikuja kwa miguu kunisikiliza, mama yenu akiwa wa mbele kabisa, akatae kama anaweza. Nilimpa Mungu sauti yangu, nikampa miguu yangu masika na kiangazi, nikampa Jumapili zangu zote. Kitu kimoja nikamnyima, nikisema nitamwambia padre atakayekuja, na wamekuja saba. Nashangaa hata mimi niliwezaje kusimama mbele ya altare miaka yote ile, nikiwahimiza watu wampe Mungu yote. Wanangu, ukimpa Mungu maisha ukabakiza kimoja, utashinda unakilinda hicho kimoja, na zile sala zako ndefu zitageuka kuwa uzio wa kukificha. Uzio wangu ulikuwa mzuri sana, mliusifu wenyewe.

Obadia, jirani yetu, mnajua kwa nini hatusalimii. Alipofiwa na mama yake nilifungua daftari la ubatizo la kigango, jina la bibi yule halikuwamo, cheti hakuna, nikasema Kanisa halimziki. Obadia alipiga magoti kwenye matope, mbele ya watu, nami nikafunga daftari. Mimi huyu. Nendeni kwake nyote watatu kabla ya kuchimba kaburi langu, mmweleze yote, mkasali kwenye kaburi la mama yake, na akisema nami nisisaliwe, msibishane naye.

Nyumba ni ya mama yenu. Shamba la Katindiuka mligawane nusu kwa nusu, na Fulgence asiuze kipande chake kwa sababu ya pikipiki.

Sasa sikilizeni. Njia ya Ifakara imemezwa na maji, padre hafiki leo, na mimi kesho sifiki. Nimewafundisha wakunga wote wa hapa kwamba mtu akiwa anakufa yeyote anaweza kumbatiza, alimradi maji yamguse na maneno yawe sawa. Agnella, si wewe. Wewe utanibatiza ukilia, halafu utanifichia aibu hii maisha yako yote. Fulgence, hujakanyaga kanisani mwaka wa sita huu, lakini mdomo wako haujawahi kuficha hata bei uliyonunulia kambale. Nakutaka wewe. Unibatize, halafu ukaseme sokoni.

Usiniambie hustahili, kwani mimi nilistahili? Chota maji mtungini.

Mimina hapa, kwenye paji. Polepole. Umeruka, Fulgence, umeruka yale maneno, na la Mwana. Anza upya. Mbona unaogopa, na wewe ndiye uliyewapiga wavuvi watatu peke yako, kama unavyotuambia kila siku? Anza.

Ndiyo. Hivyo hivyo.

Ya baridi.

Sogezeni vichwa niwabariki, hii ndiyo baraka yangu ya kwanza iliyo halali. Agnella, niinulie mkono, umekuwa mzito. Mungu aliyenivumilia mimi awavumilie na ninyi, awape kusema kweli mkiwa bado na nguvu ya... ya kuiishi. Msalabani muandike Donati.

Tekla. Hujasema neno tangu nianze. Sikulaumu. Niite tu, mara moja, kwa jina langu, nilisikie kwako.