Mama Viatu na Fundi Aliyesahauliwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwongoza wageni mkuu wa idara yetu ya makumbusho ya vijijini anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Wengi tunamwita Mama Viatu.

Alianza akiwa mfagizi katika makumbusho ya kilimo: chumba kimoja chenye majembe, mizani na mashine ya kukoboa iliyogoma zamani. Alifagia huku ametega sikio. Mwaka wa tatu mwongozaji aliugua, na yeye ndiye aliyewapokea walimu arobaini walioteremka kwenye basi. Hakurudishiwa ufagio tena. Baadaye alikabidhiwa nyumba nne za kale, akawa anazizungukia kila wiki kukagua mapaa na mchwa.

Jina lake limetokana na sakafu ya mbao ya mojawapo ya nyumba hizo, iliyokuwa ya daktari, ambayo haikanyagwi kwa viatu; yeye ndiye huwaambia wageni wavivue mlangoni. Mgeni rasmi mmoja alivua vyake, kidole gumba kikachungulia nje ya soksi. "Hebu tazameni dari, jamani," akasema Mama Viatu papo hapo, akaeleza boriti kwa dakika kumi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, bibi mmoja alisoma kibao cha nyumba hiyo, kilichosema kwamba daktari aliijenga kwa mikono yake. Alicheka, kisha akalia.

"Mwanangu, nyumba hii kaijenga baba yangu. Daktari hata mwiko hakujua kuushika."

Mama Viatu hakumbishia, lakini pia hakuamini upesi. Alimwomba ushahidi. Bibi akasema baba yake alipiga chapa ya kiganja kwenye chokaa mbichi nyuma ya kabati la jikoni, na yeye bibi akapiga chake kando, wakati huo akiwa na miaka sita. Kabati likasogezwa. Viganja vilikuwepo, kikubwa na kidogo.

Wajukuu wa daktari, waliotuazima samani, walisema kibao kikibadilishwa watachukua vyao. Mkuu wa idara wa wakati huo alimshauri Mama Viatu ayaache yalivyo, asije akajiponza. Yeye aliandika kurasa saba, akaambatisha picha, akangoja miezi minane.

Kibao kilibadilishwa. Meza ya kulia na saa ya ukutani zikaondoka kwa lori. Baada ya miaka miwili meza ilirudi. Saa haijarudi mpaka leo. Bibi aliletwa na binti yake, akalisoma jina la baba yake mara mbili kwa sauti, kisha akaomba kiti akae hapohapo mlangoni. Mama Viatu alikaa naye mpaka wageni wote wakaondoka.

Dada yetu mkubwa, ahsante. Umetufundisha kumsikiliza mgeni kabla ya kumweleza. Kapumzike kwa afya na furaha, uamke saa uitakayo, na maisha yakutendee wema.