Mvuke na Mkate Ulioungua Upande Mmoja

Nyie watu wa ghorofani mmeadimika kama maziwa ya kuku. Jikoni kwangu hapa chini ya ofisi zenu hamshuki, na nyumbani kwa Mvuke hamjakanyaga tangu mkewe augue. Haya, kaeni niwaambie, maana Mvuke, mchoraji wetu wa vyakula, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka ishirini na minane, na hotuba za wakubwa nazijua: zitasifu kompyuta na kumsahau mtu.

Alianza na picha za pakiti za biskuti. Jina la Mvuke alilipata kwa supu ya kopo. Kwenye kompyuta alipaka mvuke kwa brashi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila mara alikuja kufunua sufuria zangu atazame unavyopanda. Nilimfukuza kwa mwiko, akarudi. Picha ilipochapwa, hata mimi niliipuliza.

Kuna siku mhasibu alikula yai lililokuwa linachorwa. Mvuke hakugomba. Alimkalisha dirishani, akaipata rangi ya kiini kwenye masharubu yake. Kazi ikatoka kwa wakati.

Kisha mkewe akapigwa na kiharusi. Alipoteza kauli, na kila sahani akaisukuma. Mvuke akamchorea kadi za vyakula ili aonyeshe kwa kidole anachotaka: maharagwe yanang'aa kama viatu vya bwana harusi, mkate rangi ya dhahabu. Mama wa watu alizitazama, akageukia ukutani. Akazidi kukonda. Mvuke akaja jikoni, akaketi bila kufunua chochote.

"Bibi," akaniambia, "nimemchorea chakula cha dukani. Yeye ana njaa ya chakula chake."

Akarudi kwenye kompyuta, akafuta mng'aro wote. Akachora bakuli lao lenye ufa, na mkate ulioungua upande mmoja, kama mkewe aupendavyo. Kadi hiyo mama aliigonga kwa kidole. Akala, akamaliza, akaigonga tena.

Leo wodi ya hospitali alikokuwa amelazwa mama inatumia kadi za Mvuke. Yeye anastaafu akampikie mkewe. Mapishi yake bado hayajaifikia michoro yake, na mama anamwambia hivyo, maana kauli imeanza kurudi.

Ahsante, Mvuke mwanangu. Umetulisha kwa macho miaka yote. Nenda sasa ukale chakula kikiwa bado cha moto.

Na ninyi, mkienda kuwaona, msimwage mapakiti mezani mkaaga. Ketini karibu na mama, mpeni kadi, mngojeni achague. Akishachagua, ingieni jikoni mkapike.