Bi Lamara Natroshvili na Meza Aliyoifungua Rauma, 1953–2023

Siku ya Jumatano, tarehe 4 Machi 1998, Bi Lamara Natroshvili aliwasha jiko saa kumi na moja alfajiri, katika chumba kilichokuwa zamani duka la viatu mjini Rauma, Finland. Saa tano kamili waliingia wateja wake wa kwanza, mafundi sita wa kuchomelea vyuma kutoka kiwanda cha meli. Walitoka saa saba na dakika kumi. Mapumziko yao ya chakula yalikuwa nusu saa.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1953 katika kijiji cha Velistsikhe, mkoani Kakheti, Georgia, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa Mzee Shota Beruashvili na Bi Pelo. Alisoma shule ya kijijini hadi mwaka 1970, kisha akajiunga na chuo cha upishi cha Telavi, alikohitimu mwaka 1972. Kwa miaka ishirini na mmoja alipika katika kantini ya kiwanda cha mvinyo, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1993.

Alifunga ndoa na Bwana Guram Natroshvili tarehe 4 Oktoba 1975, na mwaka 1979 wakajaliwa binti, Eka. Guram alipopata kazi ya kuchomelea Rauma, marehemu alimfuata na binti yao tarehe 14 Januari 1995. Kwa miaka mitatu alifagia madarasa ya shule moja, akajifunza lugha kwa kusoma vibandiko vya makabati na kuwauliza walimu matamshi.

Alipotangaza kwamba atafungua mgahawa, mumewe alicheka.

"Mama Eka, watu hawa wanakula kama wanaowahi treni. Wewe chakula chako ni cha kukaa."

"Basi nitawakalisha," alijibu.

Mwenye nyumba alimpangisha kwa mwaka mmoja tu wa majaribio. Mgahawa ukishindwa kupata wateja, marehemu angerudi kwenye ufagio, na alikwisha kusema kwamba harudi.

Mafundi sita wa siku ile walikuwa wenzake Guram. Marehemu aliwaandalia mabilingani yenye kokwa za jozi zilizosagwa, maharage na mkate wa jibini. Kila sahani ilipobaki tupu aliijaza, kwa maana Kakheti sahani tupu mbele ya mgeni ni aibu ya mwenyeji. Nao walizimaliza zote, kwa maana Rauma kubakiza chakula ni kumdharau aliyekipika. Hakuna aliyesema kwamba ameshiba. Jikoni, marehemu alimwambia Eka kwa furaha, "Ona wanavyokula! Ongeza maharage!" Wageni walikuwa wamelegeza mikanda na wanatokwa jasho.

Siku ya pili hakuja mtu. Kwa siku kumi na moja walikuja watu wanne, na wote walikuwa wapita njia. Siku ya kumi na tatu, saa tisa na nusu alasiri, marehemu alikwenda na aproni yake hadi kwenye geti la kiwanda, akamzuia Bwana Taisto Lehtimäki, aliyekuwa kiongozi wa wale mafundi.

"Shemeji, mbona unanikimbia? Chakula changu kibaya?"

"Kizuri mno, shemeji. Tatizo lake hakiishi."

"Si mlikuwa mnamaliza sahani!"

"Sasa tungekiacha? Marehemu mama yangu angefufuka anichape."

"Na mdomo wa kusema nimeshiba mliuacha kiwandani?"

"Kwani kuna aliyetuuliza?"

Marehemu alicheka hadi akashika nguzo ya geti. Kesho yake alibandika mlangoni karatasi yenye mistari miwili. Mchana, mteja atajipakulia mwenyewe kwenye kaunta na kuondoka apendapo. Jumamosi jioni, meza ni moja, na anayebakiza tonge moja kwenye sahani haongezewi.

Utaratibu huo uliwatesa watu wa pande zote. Jumamosi ya kwanza Bwana Taisto alibakiza kipande cha mkate, akakitazama kama mtu anayemwacha mtoto kituoni. Marehemu naye, mchana, alipoona sahani tupu alikuwa akifumbata mikono nyuma ya aproni asije akashika upawa. "Kaa jikoni, usichungulie," mumewe alimwambia. Alijizuia. Kufikia Septemba wateja walipanga foleni nje kwenye mvua, na mwenye nyumba akaongeza mkataba bila kusubiri mwaka uishe.

Bwana Guram alifariki tarehe 2 Februari 2011, na marehemu akaendelea peke yake na Eka.

Mwezi Mei 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Madaktari walimkataza kusimama, naye akaingiza kiti jikoni na kuelekeza akiwa ameketi.

"Mama, tufunge wiki moja tu upumzike," Eka alimsihi.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama."

"Basi washa jiko."

Katika siku zake za mwisho hofu yake haikuwa mauti. Aliogopa kwamba mgahawa wa mgeni ungeondoka na mgeni mwenyewe. "Usinitundike ukutani kama picha huku sufuria zinapoa," alimwambia binti yake. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Eka akiwa pembeni yake, na anazikwa leo, Jumamosi, tarehe 21 Oktoba, kando ya mumewe.

Ameacha binti, Eka, mkwe, Ilmo, wajukuu wawili, Salome na Otso, na wadogo zake wawili walioko Velistsikhe. Mungu ampe pumziko jema katika nchi aliyoichagua.

Nyongeza katika toleo la kumbukumbu, Oktoba 2024: mwaka mmoja baada ya maziko, Eka alivunja ukuta wa stoo ya mgahawa na kuongeza meza mbili.